Vipimo viko safi lakini mwili haukai sawa: utajuaje kama ni stresi, na imegusa homoni gani

Kama unasoma hii huenda umeshapita ile njia ndefu, moyo unakwenda mbio bila sababu, tumbo halitulii, usingizi unakatika, siku zako zimevurugika, umepima hiki na kile majibu yanarudi "huna kitu", alafu mtu anakwambia ni stresi tu, punguza mawazo. Hilo neno "tu" ndo linaloniuma. Stresi inabadilisha homoni, na homoni zikibadilika mwili unaumwa kweli, hujifanyishi. Na upande wa pili kuna kosa lingine baya zaidi, kuita kila kitu stresi mpaka ugonjwa mwingine unakomaa pembeni hamna anayeuangalia. Kwa hiyo tupite dalili moja moja, inatoka wapi, inafanana na ugonjwa gani, na lini uache kusoma uende hospitali.

Kwanza elewa saa

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kujua kwamba kila dalili ya stresi ina muda wake wa kujitokeza, kwa hiyo usiishie kuuliza "nini kinaniuma", uliza pia "kilianza lini, na kabla yake kulikuwa na nini".

Mwili una njia mbili za kuitikia hatari. Ya kwanza ni ya haraka, mishipa ya fahamu inagonga moja kwa moja kwenye tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo, zinamwaga adrenalini ndani ya sekunde, na dakika chache baadaye imeshaanza kuisha kwenye damu. Ya pili ni ya kupokezana, sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi inatuma homoni kwa tezi ya pituitari, pituitari nayo inatuma yake kwa adrenali, ndo kotisoli inatoka, na inafika kileleni kama dakika 20 mpaka 30 baada ya jambo lenyewe. Yaani ugomvi umeisha, mtu ameshaondoka, we ndo kwanza kotisoli yako inapanda.

Na kotisoli sio adui, naomba hili likae kichwani. Ndo inakuamsha asubuhi, inashikilia presha isianguke, inaambia ini litoe sukari ukiwa na njaa. Bila kotisoli kabisa mtu anakufa. Shida ni pale inapoitwa kila siku na haipati siku ya kupumzika. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye alichapisha ripoti fupi kuhusu panya, aliwapa baridi, majeraha, sumu za aina tofauti, mazoezi ya kupitiliza, na kila alipowafungua alikuta mambo yaleyale matatu: adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi inayohusika na kinga imesinyaa, na tumbo la chakula lina vidonda. Chanzo tofauti, majibu ya mwili mamoja. Ndo maana deni, msiba, kazi na kuuguza mzazi vinaweza kukuletea dalili zinazofanana kabisa, na dalili peke yake haikwambii imetoka wapi.

Basi shika hivi. Sekunde na dakika, fikiria adrenalini. Siku na wiki, kotisoli. Mwezi na kuendelea, homoni za uzazi. Miezi miwili mitatu, nywele.

Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka

Kama inaanza ghafla, inapanda ndani ya dakika kumi hivi, alafu inashuka yenyewe na kukuacha umechoka kama umebeba mzigo, hiyo ni adrenalini mara nyingi. Inafanya moyo upige haraka na kwa nguvu, inavuta damu kutoka kwenye ngozi kupeleka kwenye misuli ndo maana vidole vinakuwa baridi, unapumua haraka mpaka midomo na vidole vinafanya ganzi, na hiyo ganzi ndo inawatisha watu wanadhani wanapooza.

Ikija, kaa, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Andika. Alafu pumua polepole, pumzi kama sita kwa dakika, kutoa iwe ndefu kuliko kuvuta, fanya dakika tano bila kuangalia simu. Ukitoa pumzi polepole ule mshipa wa fahamu unaotuliza moyo unapata nafasi ya kufanya kazi yake. Hesabu tena. Mi mara ya kwanza nilitoka 112 nikafika 88, nikaamini, manake niliiona namba kwa macho yangu.

Isiposhuka, au ikiwa mapigo yako juu hata ukiwa umelala fofofo, hapo acha kufikiria stresi kwanza. Ndugu yangu wa kike aliambiwa karibu mwaka mzima kuwa ni mawazo ya ndoa. Alikuwa anakula vizuri lakini nguo zinamlegea, anafungua madirisha wakati wenzake wanajifunika, akishika kikombe kijiko kinagonga kwenye kisahani. Hicho kijiko ndo nilikuja kukikumbuka baadaye. Ilikuwa tezi ya shingo, thairoidi, inazalisha kupita kiasi, kipimo kimoja cha damu kikaonyesha. Stresi haikupunguzi kilo wakati unakula kuliko kawaida, ukiona hivyo omba wapime TSH, homoni ya pituitari inayoiamuru thairoidi. Upungufu wa damu nao unafanya moyo ukimbie, hasa ukipanda ngazi, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito. Na kafeini usiisahau, nusu ya ile uliyokunywa saa kumi jioni bado iko mwilini saa tatu au nne usiku.

Usisubiri kabisa kama kifua kinabana kama kimekandamizwa, maumivu yanaelekea mkononi, shingoni au kwenye taya, unakata pumzi, au umezimia. Usijipime kwa pumzi hapo, nenda. Hata pale ambapo chanzo ni huzuni moyo unaweza kuumia kweli: madaktari wa Japani walieleza mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali inaitwa takotsubo, ambapo baada ya mshtuko mkubwa kama wa msiba upande mmoja wa moyo unalegea na kuvimba mfano wa chungu cha kutegea pweza, dalili zake hazitofautiani na shambulio la moyo, na wengi wanaoipata ni wanawake waliokwisha koma hedhi. Kwenye mlango wa dharura huwezi kujua ni ipi, na wala sio kazi yako kujua.

Unapata usingizi vizuri, saa tisa usiku macho haya

Hii ndo iliyonisumbua mimi miezi. Nalala saa nne kama gogo, saa tisa nafumbua macho, giza, moyo uko juu, na kichwa kinaanza na sentensi ileile ya kazini ambayo nililala nayo. Nikawa najua ni saa tisa bila kuangalia.

Kotisoli ina ratiba. Iko chini kabisa karibu na saa sita usiku, alafu kuanzia kama saa nane au saa tisa inaanza kupanda taratibu kukuandaa kuamka, na inafika juu kabisa kama dakika 30 mpaka 45 baada ya kuamka. Mtu aliyetulia hiyo kupanda inampita akiwa usingizini. Ambaye mwili wake umeshawashwa tayari, hapohapo anaamka, na akili ikishaamka inatafuta cha kuhangaikia na haikosi.

Kilichonisaidia ni vitu vinne na nakiri vilichukua wiki tatu, sio siku moja. Simu ilihamia chumba kingine. Kabla ya kulala naandika yanayonikaba na pembeni naandika nitayashughulikia saa ngapi kesho, sio "kesho" tu, saa ngapi. Nikiamka na nikahisi zimepita dakika 20 sijarudi kulala natoka kitandani nakaa kwenye mwanga hafifu mpaka nisinzie, nisije nikazoea kitanda kuwa uwanja wa vita. Na asubuhi naamka muda uleule hata kama usiku ulikuwa mbovu, natoka nje kwenye mwanga. Pombe iache kama unaitumia kama dawa ya usingizi, inakulaza haraka alafu inakuamsha nusu ya pili ya usiku, ndo palepale unapopata shida.

Angalia na haya: ukikoroma sana na kuamka na kichwa kizito huenda pumzi zinakatika ukiwa usingizini, hiyo inapandisha presha na haiishi kwa kupunguza mawazo. Ukiamka mara tatu nne kukojoa, pima sukari. Ukiwa mwanaume wa makamo, tezi dume nayo iangaliwe.

Tumbo: linajaa juu, linaharisha chini

Watu wanashangaa inakuwaje washibe haraka, wajae gesi, na wakati huohuo wakimbilie choo. Ile homoni ya kwanza inayotoka haipothalamasi inafanya kazi hadi kwenye njia ya chakula, na inafanya mambo mawili yanayopingana, tumbo la chakula linachelewa kutoa chakula, utumbo mpana unaharakisha. Ndo maana kabla ya mtihani au kabla ya kikao unaenda choo mara tatu. Kama inakuja na matukio na siku za mapumziko inapotea, jibu unalo.

Vidonda vya tumbo ni habari nyingine, na hapa kuna mtego ambao sijaona watu wengi wakiusema. Miaka mingi vilihusishwa na mawazo mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha kwamba vingi vinatokana na bakteria Helicobacter pylori. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 akaugua tumbo, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama ibuprofen, diclofenac na aspirini. Sasa fuatilia: mtu ana stresi, kichwa kinamuuma, anameza hizo dawa kila siku wiki nzima, tumbo linaanza kuwaka, anasema "stresi imeniletea vidonda". Zilizochoma tumbo ni dawa. Hesabu umemeza vidonge vingapi mwezi huu kabla hujalaumu mawazo.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kupungua uzito, au kuharisha kunakokuamsha usingizini, hayo hayana uhusiano na kikao cha kesho. Hospitali.

Kitambi kinaongezeka, hamu ya vitu vitamu haiishi

Kotisoli inaambia ini liachie sukari, mwili unajua unaenda kukimbia au kupigana. We hukimbii, umekaa kwenye kiti unasoma ujumbe wa bosi. Sukari imo kwenye damu haijatumika, insulini inatoka kuishusha, na ikiwa hivyo muda mrefu mwili unaanza kuisikia insulini kwa shida, na mafuta yanajipanga tumboni. Ongeza na kulala kidogo, ambako kunapandisha homoni ya njaa na kushusha ile ya kushiba, basi usiku unatafuta kitu kitamu na sio uroho. Wengine inawaenda kinyume, hawali kabisa wanakonda, yote ni stresi.

Mwenye kisukari akiona sukari imepanda na dawa ni zilezile na chakula ni kilekile, aulize wiki hii ilikuwaje. Na ambaye hajawahi kupima apime, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L kwa zaidi ya siku moja hicho ni kisukari, hata kama una mawazo.

Kuna hali moja ya kuitofautisha, kotisoli ikizidi mno kwa ugonjwa au kwa dawa. Uso unakuwa wa mviringo, tumbo linakua huku mikono na miguu inakonda, michirizi mipana ya zambarau tumboni, ngozi nyembamba inayovilia damu kirahisi, na kuchuchumaa ukashindwa kuinuka bila kushika kitu. Stresi ya kawaida haifikishi hapo. Swali la kwanza daktari atakuuliza ni kama unatumia steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, iwe vidonge, sindano, au mafuta ya kupaka, pamoja na yale ya kung'arisha ngozi ambayo hujui yamechanganywa na nini. Na kama umetumia steroidi kwa muda mrefu usiziache ghafla, adrenali zako zimelala, ukikata siku moja unaweza kuzidiwa vibaya. Zinapunguzwa taratibu na daktari.

Siku zimechelewa, hamu imepotea

Mwili ukiona hali ni ya hatari unaahirisha uzazi. Kotisoli na wenzake wanazima ile homoni ya haipothalamasi inayotoka kwa mapigo mapigo kuiamsha pituitari, pituitari ikinyamaza ovari nazo hazipevushi yai, hedhi inachelewa au inakatika. Kwa mwanaume njia ni hiyohiyo, testosteroni inashuka, hamu inaondoka.

Utaratibu wa kukagua ni huu na usiruke hatua: pima mimba kwanza, hata kama "haiwezekani". Alafu ukikosa siku zako miezi mitatu mfululizo muone daktari, kuna thairoidi, kuna prolaktini, ile homoni ya maziwa, kuna matatizo ya ovari, kuna kukoma hedhi mapema, na yote hayo yanapimika. Kama umekonda sana au unafanya mazoezi makali bila kula vya kutosha mwili unahesabu hiyo ni stresi pia, na hedhi ikikatika muda mrefu mifupa inadhoofika kimyakimya, usishangilie kwamba umepumzika.

Kwa wanaume, kama asubuhi unaamka mambo yako sawa ila shida inakuja ukiwa na mwenzio, elekea upande wa mawazo. Kama hata asubuhi hamna, kagua presha, sukari na mishipa ya damu, kwa sababu mishipa ya huko ni myembamba na huwa inaonyesha tatizo miaka michache kabla ya ile ya moyo. Tafadhali usinunue dawa za kificho, nenda upimwe.

Nywele zinatoka kwa mafungu

Hapa ndo kalenda inafanya kazi yake. Kupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida. Mshtuko mkubwa, homa kali, upasuaji, kujifungua, msiba, unasukuma nywele nyingi kwa pamoja ziingie kwenye mapumziko, na zinadondoka miezi miwili mpaka mitatu baadaye, wakati we umeshaanza kupata nafuu. Ndo maana watu wanalaumu shampuu ya wiki jana. Rudi nyuma miezi mitatu kwenye kalenda, kuna nini? Mara nyingi utakiona. Zinatoka kichwa kizima sawasawa, na zinarudi zenyewe ndani ya miezi sita hivi chanzo kikishaondoka. Zikitoka kwa viraka vya mviringo, au ngozi ya kichwa inauma, au haziachi kutoka, pima madini ya chuma na thairoidi, muone daktari wa ngozi.

Mafua kila wiki, kidonda hakifungi

Stresi ya muda mrefu inavuruga kinga, na hili limepimwa. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu karibu 400 waliwekewa virusi vya mafua puani, na kadiri mtu alivyokuwa na stresi zaidi ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyoongezeka. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua wanawake wanaouguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, wakawatoboa kajeraha kadogo kwenye ngozi, kidonda kikachelewa kupona kwa siku tisa ukilinganisha na wanawake wenzao wasiouguza mtu. Siku tisa, jeraha lenyewe dogo kuliko kitufe cha shati. Wewe unayemuuguza mtu nyumbani na unajiuliza kwa nini huponi, nakuambia wewe. Ila kidonda kisichopona kabisa au homa za kurudiarudia, pima sukari na HIV, usibaki unakisia.

Presha, shingo, taya

Haya kwa haraka. Presha inapanda ukishtuka, kwa hiyo pima ukiwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, huongei, pima mara mbili na siku tofauti. Ikikaa 140/90 na kuendelea ni presha, na usiache dawa kwa sababu umejiambia ni mawazo. Shingo na kichwa kubana kama umefungwa mkanda, angalia kama meno yako yamegusana sasa hivi unaposoma. Meno yanatakiwa yasigusane ukiwa umetulia. Kichwa kinachouma siku ya mapumziko tu, baada ya wiki ngumu, nacho kipo, kinakuja wakati mwili unashuka.

Kuhusu "adrenali zimechoka"

Utaambiwa adrenali zako zimechoka ununue virutubisho. Huo sio ugonjwa unaotambuliwa na madaktari wa homoni, na kipimo cha kotisoli cha mara moja hakikwambii una stresi kiasi gani kwa sababu kotisoli inabadilika saa kwa saa. Ila adrenali kushindwa kweli kupo, na kuna dalili zake: ngozi inakuwa nyeusi zaidi hasa kwenye mikunjo ya viganja, kwenye makovu na kwenye fizi, unakonda, unatamani chumvi, ukisimama kizunguzungu. Hiyo ni hatari, inatibika, na haitibiwi na virutubisho.

Ukishajua ni stresi yenyewe

Anza na usingizi, kisha kutembea haraka nusu saa karibu kila siku, ile sukari iliyoachiwa ipate kazi. Alafu mtu mmoja wa kuongea naye kwa kweli. Hivyo vinashusha kelele lakini kama chanzo kipo palepale mtarudiana, kwa hiyo baada ya wiki mbili tatu ukipata nguvu kigeukie chanzo, punguza zamu, pangilia deni, omba ndugu wapokezane kumuuguza mgonjwa. Na kama mawazo yamefika pa kutaka kujidhuru, mwambie mtu leo na uende hospitali leo, hiyo ni dharura sawa na kifua kubana.

Ukienda kwa daktari usiende na sentensi "najisikia vibaya". Nenda na daftari la wiki mbili: tarehe, saa, dalili, mapigo, nini kilitokea nusu saa kabla, umelala saa ngapi, hedhi ya mwisho lini, dawa zote unazomeza na kupaka. Mstari mmoja wa kwangu ulikuwa hivi: "Jumanne, saa tisa usiku, moyo 104, jana jioni bosi alipiga simu, nimelala masaa 5." Daktari aliyekuwa ananiambia sina kitu alisoma kurasa tatu za mistari kama hiyo, akafunga faili, akavuta kiti karibu, akaniuliza hiyo simu ya jioni huwa inapigwa mara ngapi kwa wiki.